Blauzi Nyeupe na Mikono Iliyoishona



Katika picha za Uingereza za mwanzo wa karne ya ishirini, vazi moja linarudi mara kwa mara: blauzi nyeupe ya pamba, yenye kola ndefu inayopanda mpaka chini ya taya na kifua kilichojaa vikunjo vyembamba. Mwalimu wa shule aliivaa, karani wa ofisi aliivaa, na binti wa tajiri aliivaa pia. Kipindi hicho huitwa kwa jina la mfalme Edward VII, aliyeanza kutawala mama yake, malkia Victoria, alipofariki tarehe 22 Januari 1901, naye akafariki tarehe 6 Mei 1910.

Leo, zaidi ya miaka mia moja baadaye, wako watu katika Uingereza, Marekani na kwingineko wanaoshona na kufuma nyumbani mavazi ya namna hiyo. Mtu angeweza kudhani kwamba huo ni mchezo tu wa wapenda mambo ya kale. Lakini anayeishona blauzi hiyo tangu kitambaa hadi kifungo cha mwisho hujifunza jambo ambalo historia ya wafalme hailitaji, nalo ni hesabu ya saa za kazi.

Tuitazame kazi yenyewe. Kitambaa ni pamba laini, nyepesi kiasi kwamba mwanga hupenya. Kila kikunjo cha kifuani hupimwa, hukunjwa, hupigwa pasi na kushonwa peke yake, na blauzi moja yaweza kuwa na vikunjo makumi. Kati ya vikunjo huwekwa ukanda wa lesi. Mshonaji huushona ukanda huo juu ya kitambaa pande zote mbili, kisha hugeuza nguo na kukata kwa uangalifu kitambaa kilicho nyuma yake, ili lesi ibaki wazi kama dirisha. Mkasi ukiteleza kidogo, kazi ya siku nzima imeharibika. Mishono hupigwa mara mbili, ili kingo zote zifichwe ndani na zisifumuke katika kufuliwa. Mwishoni hutiwa vifungo vidogo au kulabu, mara nyingi mgongoni.

Familia nyingi za wakati huo zilikuwa na vyombo viwili vilivyowezesha kazi hiyo kufanyika nyumbani. Cha kwanza ni cherehani. Isaac Singer alipata hati ya uvumbuzi wake huko Marekani mwaka 1851, na kampuni yake ikawa miongoni mwa za kwanza kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Mwaka 1885 ilifungua kiwanda kikubwa Clydebank, katika Uskoti, ambacho mashine zake zilisambaa duniani. Cha pili ni kielelezo cha karatasi cha kukatia nguo. Ebenezer Butterick alianza kuviuza mwaka 1863. Karatasi hiyo nyembamba haikuwa na maandishi wala mistari; ilikuwa na matundu tu, na mshonaji alipaswa kuyasoma matundu hayo ili ajue pa kukunja na pa kuunganisha. Wasichana wa shule za msingi walifundishwa kushona darasani, kwa hiyo wengi waliweza kuyasoma. Karani mwenye mshahara mdogo aliweza kununua kitambaa, kukaa na dada zake jioni, na kuingia kazini akiwa amevaa kwa heshima. Kwake yeye, cherehani ilikuwa mlango wa uhuru.

Kufuma nako kulikuwa na elimu yake. Katika vijiji vya wavuvi vya pwani ya Uingereza na Uskoti, wanawake walifuma sweta nzito za sufu kwa sindano nyembamba za chuma, wakizunguka mwili mzima bila mshono wa ubavuni. Mikono ya sweta ilifumwa kutoka begani kwenda chini. Sababu yake ni ya busara: sehemu inayochakaa kwanza ni ile ya kwenye kifundo cha mkono, kwa hiyo iliwezekana kuifumua na kuifuma upya bila kuigusa sehemu iliyobaki. Vazi lilitengenezwa kwa kumfikiria mtu atakayelivaa, na pia yule atakayelitengeneza tena.

Lakini cherehani ileile, katika nyumba nyingine, ilikuwa na sura tofauti kabisa. Katika mitaa maskini ya London na miji mingine, maelfu ya wanawake walishona nyumbani si kwa ajili ya familia zao, bali kwa ajili ya wafanyabiashara. Walipewa vipande vilivyokwisha kukatwa, nao walilipwa kwa kipande au kwa dazeni. Mara nyingi uzi walinunua wao wenyewe, taa na moto vilikuwa gharama yao, na cherehani waliilipia kidogo kidogo kutoka katika ujira huohuo. Watoto walisaidia kushona vifungo. Ujira ulikuwa mdogo kiasi kwamba hata saa nyingi za kazi hazikutosha kwa mkate na kodi ya chumba. Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni; na mwanamke aliyeshona blauzi nzuri za wengine hakuwa na ya kwake.

Kwa miaka mingi wanunuzi hawakuliona jambo hilo, kwa sababu blauzi iliyokunjwa vizuri dukani haisemi ilikotoka. Mnamo Mei 1906, gazeti la Daily News liliandaa maonyesho katika ukumbi wa Queen's Hall, London. Humo wafanyakazi wenyewe waliketi wakifanya kazi zao mbele ya watu, na ujira wao ulielezwa wazi. Watu wapatao 30,000 walifika kuona. Mwaka huohuo likaundwa shirikisho la kupinga unyonyaji huo.

Papa Leo XIII alikuwa amekwisha kufundisha, katika waraka Rerum Novarum wa mwaka 1891, kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki, kwa maana ni lazima umtoshe mfanyakazi kuishi. Mwaka 1909 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuunda mabaraza ya kupanga ujira wa chini kabisa katika kazi nne: ushonaji wa nguo za kuuzwa tayari, umaliziaji wa lesi ya mashine, masanduku ya karatasi na minyororo. Sheria hiyo haikujitekeleza yenyewe. Mwaka 1910 wanawake watengeneza minyororo wa Cradley Heath, wakiongozwa na Mary Macarthur, waligoma kwa wiki kumi mpaka waajiri wakakubali kulipa ujira mpya. Washona mashati waliingizwa katika sheria mwaka 1913 tu.

Majumba ya makumbusho yametuhifadhia zaidi nguo za matajiri. Nguo za maskini zilivaliwa mpaka mwisho, zikakatwa kuwa za watoto, kisha zikawa matambara. Ndiyo maana kazi ya watu kama Janet Arnold ni ya thamani. Mwingereza huyo alipima mavazi ya kale kipande kwa kipande, akachora jinsi yalivyokatwa na kuunganishwa, na kitabu chake cha mwaka 1966, kinachohusu mavazi ya wanawake kati ya mwaka 1860 na 1940, bado hutumiwa na wanaoyashona upya. Anayeifuata michoro hiyo huuma midomo penye kikunjo cha arobaini, na hapo humkumbuka mwanamke aliyeketi penye taa hafifu bila kuwa na hiari ya kusema, “Nitaendelea kesho.”

Basi tunapokutana katika vikundi vyetu, tuchukue nguo moja tuliyoivaa na tuigeuze ndani nje. Tuhesabu mishono yake. Mshonaji wake ni nani, na kama ni fundi wa mtaa wetu, je, tulimlipa siku tuliyoahidi? Tulipombembeleza apunguze bei, tulijua kazi hiyo ilimchukua saa ngapi? Na katika kikundi chetu, nani anayejua kushona au kufuma, na nani yuko tayari kukaa karibu naye ajifunze?