Shuka Isiyofumwa: Mbugu ya Busoga na Kuja kwa Pamba

Mtu akitajiwa Malukhu, mtaa wa viwanda wa mji wa Mbale, au Jinja penye chanzo cha mto Naili, hufikiri mara moja pamba na mitambo. Je, kabla ya pamba watu wa pande za Jinja walijifunika nini usiku? Jibu lake linamfaa mwalimu wa Kiswahili, kwani limo pia katika msamiati wetu.

Katika Busoga na Buganda shuka ya kulalia haikuwa na mtande wala mshindio. Ilitoka katika mutuba, mti wa jamii ya mikuyu. Wakati wa mvua fundi hubandua gome la ndani, kisha huufunga mti kwa majani ya mgomba ili uote gome jingine. Hivyo mti mmoja huvunwa miaka mingi. Gome hulainishwa kwa moto, likapondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kwanza mipana, kisha myembamba, hata kipande chembamba kikatanuka kuwa nguo. Huanikwa juani, likapata wekundu wa udongo. Nakshi yake ya asili ni alama za mifuo hiyo: atazamaye kwa haraka hudhani ni nyuzi zilizofumwa.

Waganda huiita lubugo, kwa wingi embugo. Speke, aliyefika Jinja Julai 1862 pamoja na wapagazi kutoka Unguja, aliiandika "mbugu" katika kitabu chake cha mwaka 1863. Misafara hiyohiyo ya pwani ilileta merikani, nguo ya pamba iliyopewa jina la nchi ilikotoka. Majina mawili yakakutana njiani, na la mgeni likashinda.

Sababu za ushindi huo si fumbo. Merikani ilifulika, nayo mbugu huharibika kwa maji. Mwaka 1903 mbegu za pamba zililetwa Uganda ili zilimwe kwa biashara. Mwaka 1912 reli kutoka Jinja hadi Namasagali ikaanza kuchukua mizigo ya pamba. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme wake ukawezesha kiwanda cha Nyanza Textile Industries cha Jinja kufuma nguo nchini humo. Mbale nao ukapata kiwanda chake.

Hata hivyo mbugu haikufa. Iliendelea kutumika katika matambiko, na katika kuwavika maiti: mtu aliyeishi ndani ya pamba alizikwa ndani ya gome. Mwaka 2008 UNESCO iliitia kazi hiyo ya Buganda katika orodha ya urithi wa binadamu.

Orodha huhifadhi jina, bali kazi huhifadhiwa na mikono. Walimu wenzetu, tukifundisha mtande na mshindio, tusisahau mifuo ya nyundo. Mwanafunzi asije akadhani kwamba pasipo uzi hapakuwa na ustadi.