Mill, Bibi Titi na Mtaa wa Lumumba: Je, Kitabu Hubadilisha Maisha?

Muuza vitabu vya mitumba katikati ya jiji la Dar es Salaam hutandaza turubai kando ya njia na kupanga mali yake kwa utaratibu ambao mteja mzoefu anaujua: mitihani iliyopita, vitabu vya dini, riwaya chache za Ben Mtobwa zilizokwanyuka majalada, kisha, pale jicho linapofika kwanza, vitabu vya kutajirika. Robert Kiyosaki hakosekani. Ahadi ni ileile: nisome, maisha yako yatabadilika. Wasomi tunaicheka ahadi hiyo, lakini tukiandika wasifu wa wakubwa wetu tunairudia bila haya. Fulani alisoma kitabu fulani, akawa mtu mwingine. Makala haya yanapinga masimulizi ya namna hiyo kwa kumtazama msomaji mmoja, Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania.

Nyerere alikuwa Chuo cha Makerere, Uganda, kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Akiwa huko alisoma kitabu cha John Stuart Mill cha mwaka 1869 kuhusu kutiishwa kwa wanawake, akaandika insha akizitumia hoja zake kuichambua jamii yake ya Wazanaki. Mwaka 1944 insha hiyo ilimpatia tuzo ya kwanza katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Si vigumu kuona kwa nini Mill alimgusa. Baba yake, Chifu Burito, alikuwa na wake 22, na mama yake, Mgaya, alikuwa wa tano. Yale ambayo Mwingereza aliyajenga kwa mantiki, kijana huyu alikuwa ameyaona uani kwao.

Mwandishi wa wasifu angeishia hapo. Lakini tukiuliza insha ilibadilisha nini, jibu ni dogo. TANU, chama cha kudai uhuru, ilipoundwa tarehe 7 Julai 1954, katika jengo la New Street, leo Mtaa wa Lumumba, Kariakoo, waanzilishi wake walikuwa wanaume watupu. Msomaji wa Mill alikuwa rais wa chama. Ilibidi mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, afike mwaka 1955 na kuuliza wanawake wako wapi.

Jibu la swali la Hatch halikutoka rafuni. Lilitoka kwa Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwenye elimu ya miaka michache ya shule ya msingi, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Hakuanza kwa kuhutubia. Alianza kwa kuwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Vikundi hivyo vilikuwa na vyeo, michango, sare na wanachama wa makabila mbalimbali waliofahamiana mtaa kwa mtaa. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kinakuja. Kwa miezi michache maelfu ya wanawake wakawa na kadi, wakati watumishi wa serikali, ndio hasa waliosoma, walikuwa wamepigwa marufuku kujiunga na siasa. Susan Geiger, aliyewahoji wanawake hao na kuchapisha kitabu chake mwaka 1997, anasisitiza kwamba hawakufundishwa utaifa na wanaume wasomi. Walikuwa wakiuishi tayari. Nakubaliana naye, na naongeza: ni wao walioipa insha ya mwaka 1944 miguu. Rais wa chama alijifunza Kariakoo kwamba hoja iliyomshindia tuzo ilikuwa na wenyewe.

Mtu atanitajia Yoweri Museveni, rais wa Uganda, na mwandishi Frantz Fanon, mfano wa msomaji na kitabu unaopendwa pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni kweli tasnifu ya Museveni chuoni hapo ilihusu nadharia ya Fanon juu ya vurugu. Lakini Museveni hakutosheka na kurasa. Alikwenda maeneo yaliyokombolewa ya Msumbiji kuipima nadharia hiyo, na njia ya kwenda huko ilipitia kwa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji kilichokuwa na ofisi zake Mtaa wa Nkrumah, Dar es Salaam.

Tena badiliko lenyewe halikai daima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyopitishwa chini ya Nyerere, ilikuwa hatua kubwa: iliziweka ndoa zote chini ya sheria moja na kumtambulia mke haki ya kumiliki mali. Sheria hiyohiyo ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alisubiri 18. Ilichukua hadi 2016 kwa Mahakama Kuu kuvitamka vifungu hivyo kuwa kinyume cha katiba, katika shauri la Rebeca Gyumi, na hadi 2019 kwa Mahakama ya Rufani kuuthibitisha uamuzi huo. Mwaka huohuo wa 1971 Bibi Titi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini, akasamehewa mwaka 1972. Sidai kwamba Nyerere alimsahau Mill. Nadai kwamba kusoma hakumkingi mtu na madaraka, wala na mila, hasa sauti zinazomkumbusha zinapopungua.

Kwa hiyo ushuhuda wa msomaji peke yake ni ushahidi dhaifu. Watafiti wa usomaji nchini, wanapokusanya simulizi za vitabu vilivyobadilisha maisha, wawahoji pia wake, wafanyabiashara wenza, majirani na wanakikundi wa msomaji. Walio hai wa kizazi cha ngoma za Kariakoo wamebaki wachache mno, na kazi hiyo haiwezi kusubiri ruzuku ya mwaka ujao.