Mwanamke, Mwanamume na Ukatili: Funzo la Busia na Tororo

Katika midahalo ya shule zetu hupendwa sana mada isemayo kwamba mwanamke ni mkatili kuliko mwanamume. Upande mmoja humtaja mwanamke aliyeongoza jeshi, upande wa pili humtaja mwanamume aliyeteketeza nchi, na mwisho wa saa kura hupigwa pasipo mtu kujua zaidi ya alivyojua alipoingia. Katika makala hii tunakusudia kulichunguza swali hilo kwa njia nyingine. Tutalipeleka mahali pamoja na wakati mmoja, yaani mpaka wa Uganda na Kenya katika miezi ya mwisho ya mwaka 1987. Na ukatili tunaousema ni ule wa mkono: kupiga, kujeruhi na kuua.

Kwanza tupatazame mahali penyewe. Mwaka 1902 Waingereza walilitoa Jimbo la Mashariki la Uganda wakalitia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kwa tendo hilo Wateso na Wasamia wakajikuta raia wa nchi mbili, na baadaye Busia ukawa mji mmoja wenye serikali mbili. Upande wa Uganda, Busia ilikuwa sehemu ya wilaya ya Tororo hadi ilipopewa wilaya yake mwaka 1997. Kwa hiyo mtu aliyetaja vita vya Tororo mwaka 1987 alitaja vita vya mpakani.

Vita hivyo vilitoka mbali. Alice Auma, mwanamke wa Kiacholi aliyezaliwa mwaka 1956, alikuwa mganga kaskazini mwa Uganda. Alisema kwamba ndani yake hunena roho aitwaye Lakwena, maana yake mjumbe. Mwezi Agosti 1986 roho huyo, kwa maelezo yake, alimwamuru aache kuganga, kwa kuwa ni kazi bure kumponya leo mtu atakayeuawa kesho. Akaanzisha Harakati ya Roho Mtakatifu. Wafuasi wake walikwenda vitani wakiimba nyimbo za dini, wamepakwa mafuta ya shea, wakiamini kwamba risasi hazitawapata na kwamba mawe waliyoyarusha yatalipuka kama mabomu. Walikatazwa pombe, tumbaku, wizi na zinaa. Walikatazwa hata kujificha nyuma ya mti au kichuguu wakati wa mapigano. Walipita Lango na Teso, na kufikia Oktoba 1987 vita vilikuwa vimefika Tororo. Baadhi ya Wapadhola, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiacholi, walijiunga nao.

Ni rahisi kusema: huyu hapa mwanamke aliyewapeleka maelfu mautini. Ni kweli, na damu iliyomwagika haipungui uzito kwa kuwa amri ilitoka kinywani mwa mwanamke. Lakini tuulize, jeshi lile lilikuwa la nani? Walikuwamo wanawake wapiganaji, ila wengi walikuwa wanaume, na kiini chao kilikuwa askari wa serikali iliyopinduliwa na jeshi la NRA mwezi Januari 1986. Watu hao walikuwa wamekwisha kushika bunduki kabla hawajamjua Alice. Yeye hakuwafundisha kuua. Aliwapa sababu mpya na sheria mpya.

Jambo la pili lastahili kuzingatiwa zaidi. Lakwena, kama Alice alivyomweleza, alikuwa roho wa kiume. Mwanamke hakuwa na njia rahisi ya kupata ukamanda katika jeshi la wakati ule. Aliupata kwa kunenewa na mwanamume asiyeonekana. Wala hakuwa wa kwanza nchini Uganda kupita njia ya roho. Muhumuza, aliyenena kwa nguvu za Nyabingi huko Kigezi, alipigana na Waingereza hadi walipomkamata mwaka 1911. Mlango wa kawaida ulipofungwa, wanawake hao walipita dirishani. Hilo latuonyesha jinsi madaraka ya vita yalivyogawanywa. Haliwezi kutuambia tabia ya wanawake wote.

Jeshi la Alice lilivunjwa karibu na Jinja. Yeye alivuka mpaka akaingia Kenya, akakamatwa huko mwezi Desemba 1987, akafungwa kwa kuingia nchini bila kibali. Alifariki mwezi Januari 2007 katika kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Magazeti na wakubwa walikuwa wamemwita mchawi na kahaba, majina ambayo mkuu wa jeshi wa kiume hapewi.

Sasa msomaji atazame Busia mwezi huo huo wa Desemba 1987. Majeshi ya Kenya na Uganda yalifyatuliana risasi mpakani kwa siku kadhaa, raia wakakimbia, biashara ikasimama. Waliotoa amri pande zote mbili walikuwa wanaume. Je, yuko aliyeuliza kama wanaume wana ukatili wa kuzaliwa? Watu walizungumza juu ya siasa, wivu wa serikali na magendo. Kwa Alice tulitafuta maumbile; kwa hao tulitafuta sababu. Wahenga wetu walikuwa waangalifu zaidi waliponena kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawakusema ng'ombe jike.

Ama kuhusu hesabu, ushahidi haumsaidii anayemtuhumu mwanamke. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba duniani takriban 9 kati ya kila washukiwa 10 wa mauaji ni wanaume, na kwamba kati ya watu 10 wanaouawa na wenzi wao, takriban 8 ni wanawake. Hata hivyo haifai kuuficha ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 1975 Murray Straus na Richard Gelles waliwahoji wanandoa wa Marekani, wakakuta kwamba kiasi cha wake waliowapiga waume kilikaribiana na kile cha waume waliowapiga wake. Wapinzani wao walijibu kwamba kuhesabu makofi si kupima majeraha, wala si kujua nani alijihami. Mwanamke anaweza kupiga, anaweza kuua. Kwamba anazidi mwanamume kwa hilo, hesabu zakataa.

Sisi walimu wa Kiswahili tuna mfano wetu wa karibu. Huko Uganda lugha yetu ilichukiwa na wengi kwa kuwa waliisikia kwa askari: kwanza wa jeshi la mkoloni, kisha wa Idi Amin, aliyeitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Wakasema ni lugha ya mabavu. Lakini lugha hiyo hiyo, sokoni Busia, ndiyo ipatanishayo bei ya samaki na mahindi kati ya mama wa upande huu na mama wa upande ule. Je, sarufi ilibadilika? La, hasha. Kilichobadilika ni nani anaisema, ana nini mkononi, na anataka nini. Sisi tuliokataa lugha yetu ihukumiwe kwa vinywa vya askari, hatuwezi kukubali wanawake wote wahukumiwe kwa vita vya mmoja wao.

Basi tunapendekeza mada ya mdahalo ibadilishwe. Wanafunzi wasiulizwe nani mkatili zaidi, bali waulizwe: ni nani aliyepewa silaha, ni nani aliyemtuma, na ni mlango upi uliofungwa hata akaona vita kuwa njia? Maswali hayo yanamfaa Alice Auma, na yanawafaa pia makamanda wa Busia.