Mtoto wa Tatu

Kuna habari ya Khalifa Omar bin Khattab inayosimuliwa sana misikitini, na ingefaa isikike hata katika wizara za fedha. Omar alikuwa ameweka posho kutoka Baitul-Mal, hazina ya umma, kwa kila mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa. Usiku mmoja, akilinda msafara wa wafanyabiashara uliopiga kambi Madina, alimsikia mtoto akilia bila kunyamaza. Akamwendea mama yake, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishowe yule mama, asijue anaongea na nani, akasema anamwachisha kabla ya wakati kwa sababu Omar hawapi posho wanaonyonya. Wapokezi wanasema alfajiri ile Omar aliswalisha huku kilio kikimzidi, kisha akatangaza kwamba posho ianze tangu mtoto anapozaliwa.

Omar alikuwa ameweka sharti kwa wazazi, na aliyelilipia kwa njaa ni mtoto. Alipolitambua hilo hakumkemea mama; alibadili sharti.

Uingereza nayo imelizunguka swali hilo hilo, la kama mtoto anyimwe msaada kwa sababu ya wazazi wake, kwa zaidi ya karne mbili. Mwaka 1803, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu ongezeko la watu, Thomas Malthus alipendekeza watoto wa ndoa zitakazofungwa baada ya tarehe fulani wanyimwe msaada wa parokia. Aliamini msaada unawafanya maskini waoane na kuzaa bila kuwa na cha kuwalisha. Karibu karne moja na nusu ikapita kabla mbunge Eleanor Rathbone hajashinda vita vyake virefu: sheria ya 1945 ilitoa shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto kuanzia wa pili, na kwa ushupavu wake fedha akapewa mama. Wa kwanza aliachwa makusudi, kwa hoja kwamba mshahara ungetosha kumlisha. Waliomfuata walihitaji msaada, kwa kuwa mwajiri hulipia kazi tu. Havihesabu vinywa vilivyoko nyumbani.

Mwaka 2017 hesabu ikapinduliwa. Sasa wawili wa kwanza walilipiwa, na wa tatu na wadogo zake, waliozaliwa tangu tarehe 6 Aprili mwaka huo, wakakatwa kwenye nyongeza ya familia zenye kipato kidogo. Mtoto aliyekuwa sababu ya msaada mwaka 1945 akawa sababu ya kuukata. Mwanamke aliyepata mimba kwa kubakwa aliweza kusamehewa, lakini ilimpasa aeleze hayo kwenye fomu ya serikali. Sijui kama Malthus mwenyewe angethubutu kuomba hilo. Na uzazi je? Watafiti wa vyuo vya York na LSE na wenzao walikuta umepungua kidogo mno. Novemba 2025 serikali ilitangaza kuuondoa ukomo huo kuanzia Aprili 2026.

Mlipakodi aliyejipimia akazaa wawili ana haki ya kuuliza kwa nini abebe mzigo wa jirani. Wanaomjibu kwamba kila mtoto huja na riziki yake wanaliruka swali, maana mara nyingi riziki hiyo hutoka mikononi mwa dada mkubwa aliyeacha shule. Lakini akitaka familia ziwe ndogo, aidai serikali zahanati isiyokosa dawa za uzazi wa mpango na nafasi ya kila msichana sekondari. Hayo hufanya kazi kabla mimba haijatungwa. Kukata chakula huja baada ya mtoto kuzaliwa, wakati hakuna tena cha kupanga.

Tanzania nayo imeliweka swali hili kwenye hesabu zake. Kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini umetoa ruzuku kwa sharti la watoto kuhudhuria shule na kliniki. Katika viwango vyake vya awali, ruzuku ya wanafunzi wa shule ya msingi iliishia kwa wanne kwa kila kaya. Naielewa hofu ya bajeti, ila ukomo wa namna hiyo siukubali. Ada ilipofutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, hakuna mwalimu mkuu aliyeambiwa amuulize mwanafunzi ni wa ngapi kwao. Sare na madaftari ya mtoto wa tano hununuliwa kwa bei ile ile ya wa kwanza, na ruzuku ingepaswa kumfikia naye.