Kisiki Kilicho Hai: Ibra Kutoka Ugogo



Wazee wetu wa Pwani waliijua nchi ya Ugogo kabla reli haijajengwa. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikaikata nyika ya Marenga Mkali iliyoitwa hivyo kwa ubaya wa maji yake, kisha ikaingia kwa watemi wa Wagogo. Huko msafara haukupita wala haukuteka maji mpaka utoe hongo, kwani katika nchi kavu maji ndiyo mali. Leo twapenda kukusimulia habari nyingine ya nchi ile ile, nayo ni namna jambo dogo la kheri linavyoweza kutoka shamba moja likaenea vijiji kwa vijiji.

Dodoma hupata mvua msimu mmoja tu, takriban kuanzia Disemba hadi Aprili, nayo kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Ikikosekana, hakuna mvua ya pili ya kufidia. Wagogo hawajaisahau njaa waliyoiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalipopigana, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo; kisha mvua nayo ikakatika. Watu wakafa kwa maelfu, na wengine wakahama makwao.

Baada ya hapo walikuja wengi waliotaka kuitengeneza nchi hiyo, kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga pale Kongwa. Zililetwa trekta kwa mamia, pori likang'olewa, na wakubwa wa mradi wakapanga kila kitu kutoka mbali. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na mvua haikungoja hesabu za London. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimekwisha kupotea. Wenyeji waliozijua tabia za ardhi ile hawakupewa nafasi ya kusema.

Serikali ya Tanzania nayo ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, mwaka 1973, kwa msaada wa Sweden. Huko Kondoa mmomonyoko ulikuwa umechimba makorongo makubwa, na mwaka 1979 iliamriwa mifugo yote iondolewe katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Tuseme haki: majani yalirudi, na miti ikaota. Lakini wenye ng'ombe ndio waliobeba mzigo, kwa kuwa maziwa na samadi viliondoka pamoja na mifugo. Na amri, hata ikiwa njema, hukaa pale palipo na mlinzi wake. Haina miguu ya kwenda kijiji cha pili.

Sasa tutoke kidogo Dodoma twende Niger, nchi ya Waislamu wenzetu iliyo ukingoni mwa jangwa la Sahara. Hapo Maradi, mwaka 1983, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia aitwaye Tony Rinaudo alikuwa amechoka kupanda miche inayokufa. Siku moja akatazama vizuri vichaka vilivyojaa mashambani, akatambua kuwa si vichaka, bali ni machipukizi ya miti iliyokatwa zamani. Mizizi ilikuwa hai chini ya ardhi! Kila mwaka wakulima waliyafyeka machipukizi hayo, na kila mwaka yakachipua tena. Msitu haukuwa umekufa, ila ulikuwa haupewi nafasi. Wakulima wachache walikubali kujaribu, jirani wakaona, wakaiga. Leo wataalamu wanakadiria kuwa miti imerudi katika hekta zipatazo milioni 5 za nchi ile.

Elimu hiyo ndiyo iliyofika Dodoma kwa jina la Kisiki Hai. Tangu mwaka 2018 shirika la Kitanzania LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, limeieneza katika mamia ya vijiji. Kazi yenyewe haihitaji fedha. Mkulima huchagua kisiki chenye uhai, huacha machipukizi machache yenye nguvu na kuyakata mengine, hufunga kitambaa kuwa alama, kisha huulinda mti usiliwe na mbuzi wala kufyekwa. Kwa kuwa mzizi ni wa zamani na umeshafika chini, mti hukua upesi kuliko mche mchanga. Matawi yaliyokatwa huwa kuni, majani hurutubisha udongo, na kivuli humfaa mtu na mnyama.

Lakini ibra kubwa, ndugu msomaji, i katika namna ya kuieneza. Hawakutegemea mtaalamu mmoja azunguke kila shamba. Katika kila kijiji walifunzwa wakulima wachache, na hao wakawafunza jirani zao, shambani, kwa lugha yao. Mgogo akimwona Mgogo mwenziwe, mwenye jembe kama lake na shida kama zake, amepata kivuli pale palipokuwa patupu, hahitaji hotuba ndefu. Na aliyefunzwa leo ndiye mwalimu wa kesho. Mzungu wa Kongwa alikuwa na trekta lakini hakuwa na jirani.

Nasi wa Pwani tujitazame. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa mti apandao Mwislamu, akila humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Je, aliyeuokoa mti uliokwisha kukatwa, akamfunza na jirani yake kuuokoa, hatutaraji kheri kwake? Sisi tuna msikiti katika kila mtaa, tuna madrasa, tuna vyama vya mazishi, na kina mama wana michezo yao ya upatu. Hiyo ndiyo mizizi yetu, nayo i hai. Mara ngapi tumengoja mfadhili atoke mbali atuletee miche, na huku visiki vyetu tunavifyeka wenyewe kwa ugomvi na choyo cha elimu? Ajuaye kukinga maji ya mvua kutoka paani, au kuitunza minazi iliyozeeka, asikae na ujuzi wake ndani. Na amfunze mmoja, na huyo mmoja ashike ahadi ya kumfunza mwingine.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.