Mpwani mbele ya menyu ya Kihindi, Nyanchwa

Nyanchwa ni mtaa wa pembeni mwa mji wa Kisii, na wengi huujua kwa misheni yake ya Wasabato. Vijana wetu wa Pwani wanaosoma Kisii, na wazazi wanaokwenda kuwatazama, huniuliza swali lile lile: huko tule wapi na roho itulie? Mwalimu mmoja wa Kilifi aliyehamishiwa huko alikaa mwezi mzima kwa mayai, ugali na sukuma wiki. Hakuwa mgonjwa wala hakukosa pesa. Aliogopa nyama tu, na menyu ya Kihindi aliiona kama maandishi ya nchi nyingine.

Mimi nasema chakula cha Kihindi ndicho kilicho karibu zaidi na sufuria ya mamako ukiwa bara. Utakikuta mjini, au ukipita Kisumu, ambako reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika mwaka 1901. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Uhindi kuijenga, na wenye maduka wakaifuata mpaka ndani ya nchi. Lakini sisi tulikuwa tumeshaonja bizari zao karne nyingi kabla, kwa majahazi.

Tuanze na nyama, kwani hapo ndipo pa kuangalia sana. Nyanchwa utaambiwa usiwe na wasiwasi, Wasabato hawali nguruwe wala hawanywi pombe. Ni kweli kwa washika dini wao, na tuwashukuru kwa hilo. Ila kutokula nguruwe hakuifanyi nyama kuwa halali. Ng'ombe na mbuzi wa buchani mara nyingi huchinjwa na Mwislamu, kwani vichinjio vingi nchini vimeweka utaratibu huo. Kuku ndiye wa kuuliza, maana huweza kuchinjwa hata nyuma ya jiko na yeyote aliyekuwa na kisu. Jina la biriani halimhalalishi. Na ikiwa mkahawa ni wa Kalasinga, uliza kwa adabu, kwa sababu Makalasinga washika dini wamekatazwa kula nyama iliyochinjwa kwa utaratibu kama wetu.

Ukiona kibao kimeandikwa "pure veg", ingia. Wahindu wengi wa Kigujarati na Majaini hawali nyama kabisa, wengine hata yai, na wapishi wao wamegeuza nafaka na mboga kuwa karamu. Jiko ambalo halijaingia nyama halina swali la kuchinja. Mahali panapopikwa vyote viwili, uliza kama bajia zinakaangwa katika mafuta ya kuku.

Sasa chapati, maana hapa watu wetu huudhika bure. Ukiagiza chapati utaletewa kitu chembamba, kikavu, hakina tabaka wala mafuta, useme umepunjwa. Hukupunjwa. Hiyo ndiyo chapati ya Kihindi. Ile yetu ya kukunja na kupaka mafuta, inayochanika tabaka tabaka, wao huiita paratha. Agiza hiyo. Naan ni mkate wa unga uliochachuka, hubandikwa ndani ya tanuri ya udongo, na huliwa ikiwa moto. Ikipoa huwa kama ngozi.

Cha kuchovya, chagua dali. Dal tadka ni dengu za manjano zilizopondeka, halafu juu yake humwagiwa samli ya moto iliyokaangiwa bizari nyembamba, vitunguu thaumu na pilipili kavu. Dal makhani ni nzito, ya dengu nyeusi na maharagwe, huchemshwa saa nyingi na kutiwa siagi na malai. Kwangu hiyo ya pili ndiyo bora katika menyu nzima, na inashibisha watu wawili. Utaona haina nazi. Mapishi ya Uhindi ya kaskazini, ambayo ndiyo mengi katika mikahawa ya Kenya, hutumia maziwa na nyanya pale sisi tunapotia tui. Nazi utaipata katika vyakula vya kusini kama vya Kerala, watu wa pwani kama sisi.

Paneer ni jibini mbichi ya maziwa yaliyokatwa kwa ndimu. Palak paneer huja ndani ya spinachi iliyosagwa, na mtoto asiyependa mboga atakula. Sambusa yao ni nono, ya viazi na njegere, unga wake mgumu kuliko manda zetu. Biriani ya Kihyderabadi hupangwa wali na nyama tabaka kwa tabaka na kufunikwa kwa mvuke katika chungu kimoja, si kama yetu ambayo masala huja mbali na wali mbali. Mimi nabaki na yetu, mtu asinigombe.

Tena si kwamba sisi ndio tuliochukua tu. Ukiona "mogo" katika menyu, huo ni muhogo. Wahindi wa Afrika Mashariki waliufupisha jina, wakaukaanga kwa pilipili, wakahama nao mpaka London. Kuku paka nayo ni kuku wetu wa kupaka, na tui lake.

Vinywaji havina taabu. Lassi ni mtindi uliopigwa na maji, wa sukari, wa chumvi au wa embe. Mwenye kisukari achukue wa chumvi na aiache gulab jamun, kwani hiyo huogelea ndani ya shira. Faluda tunaijua Mombasa, ya maziwa, sharubati ya waridi, tambi na mbegu za mrehani. Uliza tu kama ina jeli ya jelatini, na ya wapi.

Chai ya masala iache mwisho. Vilima vya Kisii na Nyamira vimejaa majani ya chai, viwanda kama Kebirigo na Sanganyi viko huko, ingawa Wasabato wengi washika mafundisho hawaigusi. Mche wenyewe ulipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1903 kule Limuru, nao ulitoka Uhindi. Mkahawani huchemshwa pamoja na maziwa, tangawizi, iliki na mdalasini, na mara nyingi sukari hutiwa humo humo sufuriani. Usiyetaka sukari sema mapema, kabla haijatengwa jikoni.