Utasa wa matooke

Kapteni Frederick Lugard alipofika Buganda Desemba 1890 na kupiga kambi kwenye kilima tunachokiita leo Old Kampala, migomba ilikuwa imeshaizoea nchi hiyo kwa karne nyingi. Ngome yake imebaki kwenye vitabu, na kileleni sasa umesimama Msikiti wa Taifa. Ndizi hazikuondoka. Teremka kuelekea soko la Owino utazikuta zote: matooke ya kupika, ndiizi ndogo tamu, gonja ya kuchoma.

Hakuna hata moja kati ya hizo inayopandwa kwa mbegu. Kata toke bichi kwa upana na uliangalie kwa makini. Katikati mna vitone vyeusi, vidogo kuliko kichwa cha pini. Hivyo ndivyo vilivyopaswa kuwa mbegu. Ndizi mwitu za Asia huzaa mbegu ngumu za kuvunja jino. Sisi tunakula tunda ambalo uzazi wake umekwama.

Ulikwama kwenye kromosomu. Mgomba mwitu una 22, yaani jozi 11. Mgomba wa matooke una 33, seti tatu. Wakati wa kutengeneza chavua au yai, kila kromosomu hutafuta mwenzake ili wagawane pande mbili, na yule wa tatu hukosa mwenza. Anatupwa upande wowote, mgawanyo unaharibika, na mayai karibu yote hufa. Wazazi wa matooke walikuwa jamaa wa spishi moja, Musa acuminata. Gonja, ndiizi na ile kayinja ya kukamulia pombe ya tonto zimechanganya spishi mbili, acuminata na Musa balbisiana, nazo pia zina seti tatu. Mkulima hakuhitaji kuyajua hayo. Alichimba chipukizi, akapanda, akampa jirani, na mmea ule ule ukaenea kilima hadi kilima.

Ubaya wake ni kwamba mmea usiozaa haubadiliki upesi, ila maradhi hubadilika. Kuna fukusi wanaotoboa shina chini ya ardhi, kuna sigatoka nyeusi inayokausha majani. Mwaka 2001 ukaonekana mnyauko wa bakteria, uliofyeka kayinja kwanza kwa sababu wadudu huubeba kutoka ua hadi ua. Ungekuwa mtama au maharage, wataalamu wangechanganya mbegu za aina mbili na kuchagua mtoto mwenye nguvu. Kwa matooke, wengi waliamini jambo hilo haliwezekani.

Mlango ulikuwa umeshafunguliwa mbali, kisiwani Trinidad. Huko Waingereza walianza mwaka 1922 kuitafutia ndizi ya biashara, Gros Michel, kinga dhidi ya ugonjwa wa Panama. Waligundua kwamba mara chache sana yai la mgomba wenye seti tatu hukataa kugawanyika na kubaki na kromosomu zote 33. Likipata chavua yenye 11, mtoto huzaliwa na 44. Seti nne hugawanyika vizuri, kwa hiyo mtoto huyo anaweza kuzaa. Kenneth Shepherd, aliyetokea kwenye kazi hiyo, alichapisha mwaka 1957 utafiti wa ndizi za Afrika Mashariki na kuliita kundi la matooke Lujugira-Mutika. Kuzizalisha kulibaki kazi ya baadaye.

Ilianza miaka ya katikati ya 1990, katika kituo cha Kawanda kwenye barabara ya Bombo na cha taasisi ya utafiti ya IITA huko Namulonge. Asubuhi, ua jike likiwa limefunikwa mfuko ili wadudu wasitangulie, mtafiti hulipaka chavua ya Calcutta 4, mgomba mwitu wenye kinga nzuri dhidi ya sigatoka. Kisha ni kusubiri mkungu ukomae, kuuivisha, na kuponda kila ndizi kwa mkono. Mikungu mingi haina kitu. Nakawere na Enzirabahima zilikuwa miongoni mwa aina za matooke zilizotoa mbegu, na hata hizo chache hazioti zenyewe: kiinitete hutolewa na kulelewa ndani ya chupa maabara.

Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye ujanja mkubwa wa kazi nzima. Mtoto wa kromosomu 44 haendi sokoni, kwa kuwa hakuna Muganda atakayekubali kutema mbegu mezani. Huchanganywa tena na baba wa 22. Mmoja hutoa 22, mwingine 11, na mjukuu anarudi kwenye 33, tasa kama bibi yake. Utasa uliotafutiwa dawa kwa miaka hurudishwa kwa makusudi.

Mmoja wa wajukuu hao, M9, ulitolewa kwa wakulima mwaka 2010 kwa jina la Kabana 6H; wengi wanauita Kiwangaazi. Unastahimili sigatoka na mkungu wake ni mzito. Wapishi wana hukumu yao: toke lazima liive manjano na kulainika, na mahuluti mengi yaliyofanya vizuri shambani yameangukia hapo, sufuriani. Kurekebisha ladha ya M9 kwa kuuzalisha wenyewe ni vigumu mno, maana una kromosomu 33. Anayetaka mwingine bora zaidi hana budi kurudi kwa mzazi wa 44, au kwa Nakawere na mfuko wa chavua.